Mwizi Aliyekosekana Msibani

Mwizi wa kwanza wa kutumia kompyuta kukamatwa Mikumi alikamatwa kwa sababu hakwenda msibani. Watu wa mjini nikiwaambia hivyo wanacheka, wanadhani natia chumvi. Wao wanataka habari za mitambo, za wataalamu waliokaa mbele ya vioo wakimsaka mtu kwa namba zake. Hapakuwa na mtambo wala mtaalamu. Tulikuwa mimi, shangazi yangu, mwalimu mmoja mstaafu, na fundi baiskeli aliyenyolewa nusu ya kichwa. Na nusura mwizi mwenyewe niwe mimi, kwa hiyo msidhani nahadithia jambo nililolisikia gengeni.

Nianze na shangazi, maana kompyuta zilikuwa zake. Babu yangu alikuja na kazi ya reli, akaipenda Kilosa, akabaki, na shangazi akazaliwa pale. Enzi za maduka ya ushirika alikuwa muuzaji wa duka, yule mnayempangia foleni toka alfajiri kisha anawatangazia sukari imekwisha. Iliposemwa ruksa kila mtu kufanya biashara, alikuwa wa kwanza kuacha kazi. Akauza vitenge, akauza mitumba, akauza sabuni ambazo juzi tu zilikuwa za magendo. Akahamia Mikumi kwa sababu ya barabara na malori, akajenga vyumba vya mbele, akapangisha. Halafu ikafika ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinabinafsishwa, na mtu mmoja wa Dar es Salaam akamwambia biashara ya sasa ni intaneti. Shangazi hakujua intaneti ni mnyama gani. Akanunua kompyuta mbili zilizokwisha kutumika, akazileta juu ya lori la saruji zimefungwa kwenye magodoro, akazifunika vitambaa vya kufuma, vile vile alivyofunika redio yake na makochi. Mteja akija nafunua kitambaa, akiondoka nafunika.

Mimi nilitokea Ulaya, hii Ulaya yetu ya mahindi na baiskeli, iliyo njiani ukitoka Kilosa kuja Mikumi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikasomea kupiga chapa Morogoro, ndipo shangazi akanichukua. Aliniambia siku ya kwanza, kabla sijaweka hata mfuko chini: "Siku ukiniletea aibu hapa, unarudi kwenu kupalilia." Na kupalilia, jamani, nisiwe mnafiki, sikukupenda hata kidogo.

Sasa namna tulivyofanya kazi. Kwetu mtu akitoka nyumbani anaacha ufunguo kwa jirani. Hakuna anayefikiria mara mbili. Kama jirani yako anatoka na kuuficha ufunguo wake mfukoni, ujue mmekosana, na mtaa mzima utauliza kulikoni. Basi intaneti ilipokuja, watu wakaelezwa kwamba lazima uwe na neno la siri, wakaona aah, kumbe ni ufunguo, wakaniachia mimi. Ningekatalia wapi? Mzee wa watu anakwambia, "Mwanangu, nitunzie hili," umjibu sitaki? Hayo si matusi hayo? Niliyatunza yote kichwani. Mtu akiingia anauliza toka mlangoni, "Dada, langu lilikuwa nani vile?" Nami namjibu kwa sauti ya juu, maana malori yanapita nje na modemu inakoroma: "Lako ni jina la yule mbuzi wako, halafu mwaka uliooa!" Chumba kizima kinasikia, mwingine anauliza mbuzi mwenyewe bado yuko, mwenyewe anasema alishaliwa Krismasi.

Leo wanangu wananiambia, "Mama, mlikuwa mmelala." Thubutu! Wao wenye maneno ya siri ya herufi na nukta na alama za ajabu ndio wanaoibiwa kila wiki kwenye simu. Sisi tulikuwa tunaaminiana, na kwa muda mrefu hapakuharibika kitu.

Nasema kwa muda mrefu, lakini kuna mwizi mmoja alikwisha kutupitia kabla, na huyo hakukamatwa, wala hatakamatwa. Shangazi aliletewa imeli ya Kiingereza na mtu aliyejiita mjane wa jenerali wa nchi ya mbali. Mjane alikuwa na urithi mkubwa, maadui wakamzunguka, akatafuta mwanamke mwaminifu wa kumtunzia. Mimi ndiye niliyemtafsiria. Nikamuuliza, "Shangazi, huyu mama anakujuaje wewe uliye Mikumi?" Akanijibu kwa maringo kabisa, "Mtu mwaminifu anajulikana." Wakaandikiana. Shangazi akawa anamwombea dua mjane wa watu, anapika pilau ya Ijumaa anamtaja. Mjane akaomba ada ya wanasheria, kisha ya mihuri, kisha ya kitu kingine, na kishamba cha miwa cha shangazi kule Ruhembe, alichokuwa anakitegemea kwa uzee wake, kikauzwa. Kilipouzwa, mjane akanyamaza.

Nilimwambia twende polisi. Akanitolea macho. "Nikaseme nini? Nimeliwa na mjane ambaye hata sijui kama ni mwanamke?" Akaniapisha nisimwambie mtu, hata baba yangu, na sikumwambia. Shangazi ameshatangulia mbele ya haki, ndiyo maana leo nasema, na nasema kwa hasira. Yule mwizi alikuwa mbali, hatujui hata alikula nini mchana ule. Hakuwa na jirani yetu hata mmoja wa kumwonea aibu, wala harusi yetu ya kuchangia, wala mgonjwa wetu wa kumjulia hali. Na aliyeibiwa akafunga mdomo mwenyewe. Utamkamata wapi mtu wa namna hiyo?

Huyu wetu alikuwa na habari nyingine.

Alikuwepo mwalimu mstaafu, mama mmoja mwembamba, mnyoofu, aliyefundisha nusu ya watu wazima wa Mikumi kusoma. Sote tulimwita Bibi Mwalimu. Mwanawe wa pekee alikuwa na kazi nzuri ya ofisini Dar es Salaam, na Bibi Mwalimu hakuwa na simu ya mkononi, wala hakuitaka, alisema inamtisha. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi alikuja kwetu kumwandikia mwanawe. Hakukaa. Alisimama nyuma yangu akanisomea imla, kama niko darasa la tatu: "Mwanangu kipenzi, mkato, mimi mama yako ni mzima wa afya, nukta." Watu wa chumbani wakisikiliza na kuongeza yao. "Mwalimu, mwambie na mvua zimechelewa." "Mwalimu, msalimie, mwambie mimi yule aliyekuwa naye dawati moja." Naye anasema, "Andika." Aliniita mkono wake wa pili. Nilimpenda yule bibi. Mama yangu mwenyewe hakuwahi kunisifia mwandiko.

Na alikuwepo kinyozi, aliyepanga kwa shangazi chumba cha ubavuni kwetu. Huyo nisipomweleza vizuri hamtanielewa. Shati limenyooshwa, poda shingoni, maneno laini. Mchana wateja wake wakipungua alikuja kusoma habari za mpira kwenye kompyuta ya pembeni. Lakini sifa yake hasa haikuwa shati, ilikuwa misiba. Alikuwa na turubai lake mwenyewe. Kilio kikitoka tu, kinyozi anafunga mlango, anabeba turubai begani, yuko pale kabla hata ya ndugu. Kuchimba kaburi yumo, kubeba mabenchi yumo, kuwabembeleza wajane yumo. Wagonjwa ndio usiseme, hakuna kitanda cha mgonjwa ambacho hakukaa kando yake na chungwa mkononi. Wamama walisema kijana wa hivyo hazaliwi tena, wakamtakia mke mwema.

Mke mwema nilitaka niwe mimi. Nasema wazi. Nikisikia mashine yake inanguruma nyuma ya ukuta nilikuwa nachana nywele bila sababu. Alinihadithia ndoto yake: friji. Mikumi ni joto, madereva wanashuka na kiu, na soda zetu zote zilikuwa za moto kama chai. "Nikipata friji tu," alisema, "nyoa huku, soda huku, na wewe ndiye utakayekaa kaunta." Hiyo kaunta niliiota mpaka nikajua itapakwa rangi gani.

Sasa Jumamosi moja asubuhi, hali ya kawaida, mteja wangu mmoja anabofya, mwingine anasubiri modemu, tukasikia kilio. Kilitokea upande wa barabara ya Kilosa. Basi dogo la kukodi lilipita mbele yetu polepole, madirisha wazi, limejaa wanawake wamejifunga khanga viunoni, wanalia kwa sauti moja: "Mama yetu! Mwalimu wetu!" Walikuwa ndugu wa Bibi Mwalimu, wa Dar es Salaam na wa Morogoro, na mwanawe kakaa mbele na dereva, kajifunika uso kwa leso.

Loh! Hakuna aliyeuliza swali. Shangazi alitupa ufagio. Mimi sikumbuki hata kama nilifunika kompyuta. Wateja wangu wakatoka mbio, wamama wa nyanya wakaacha nyanya zao chini, dereva wa lori asiyemjua marehemu akashuka akatufuata. Fundi baiskeli wa pale jirani alikimbia na kitambaa cha kinyozi bado kimefungwa shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa unang'aa, upande wa pili msitu.

Bibi Mwalimu mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga kisamvu. Akasikia kilio kinatokea mbele ya mlango wake. Yeye naye hakuuliza. Akadhani kafiwa jirani, akajitupia khanga, akazunguka nyumba analia, akaingia katikati ya wale wanawake, kashika kichwa kwa mikono miwili, "Jamani, jamani, katuacha nani?" Akalia nao pale kwa uchungu wa kweli. Mdogo wake, aliyekuwa amemkumbatia begani, akageuka kumpangusa machozi, akaona anayempangusa ni marehemu. Alianguka chini kama gunia la mahindi.

Nawaambia, hofu ilitangulia, kicheko kikafuata, kisha watu wakalia upya kwa furaha. Mwanawe alimbeba mama yake juu juu. Alipomshusha ndipo hasira ikapanda. "Mama, si uliniandikia umelazwa Kilosa? Tumefika hospitali, tumezunguka wodi zote, hawakujui. Tukajua umekwisha kuzikwa!"

"Nilazwe na nani?" Bibi Mwalimu akauliza.

"Na friji je? Friji uliyoniagiza, ukasema daktari anataka dawa zako za sukari zikae kwenye baridi? Si nimeituma kwa basi mpaka Kilosa, ukaniambia atakuja kuipokea mpwa wako?"

"Sina sukari mimi. Na mpwa gani?"

Mwana akatoa karatasi mfukoni, ameichapisha ile imeli, akaisoma mbele ya watu. Mama yangu! Ilikuwa sauti ya Bibi Mwalimu mtupu. "Mwanangu kipenzi," na salamu zake, na mvua zake, na namna anavyomalizia. Mwisho ikasema msisumbuke kuja kuniona, watoto wana shule. Hapo ndipo mwandishi alipokosea, maana kumwambia mtu wa kwetu asije kumwona mgonjwa ni sawa na kumwambia akodi gari leo hii. Lakini wakati ule hakuna aliyewaza hivyo. Watu walikuwa wamegeuka wote, wananiangalia mimi. Mikumi nzima ilijua kwamba Bibi Mwalimu haandiki mwenyewe, mikono yake ni mimi, na neno lake la siri liko kichwani mwangu.

Nilisema, "Si mimi! Wote mnalisikia, nalitaja kwa sauti kila mwezi!" Kweli tupu, lakini ilitoka kama kisingizio. Mwana akasema anakwenda kituoni, mimi nitachukuliwa, na kompyuta zitapelekwa Kilosa kuwa ushahidi. Na kitu kikishakuwa ushahidi, kila mtu alijua, kitakaa huko mpaka panya wazaliane ndani yake. Shangazi, ambaye shamba lake lilikwisha kwenda na mjane, alinishika mkono akanivuta pembeni. Akanong'ona, "Kama ni wewe, sema sasa hivi, kabla hawajaja."

Hayo maneno yaliniuma kuliko kituo cha polisi. Nikamtazama Bibi Mwalimu anitetee. Aliniangalia kwa muda, akainamisha macho, akakunja ncha ya khanga yake.

Mwana alitaka kwenda kituoni pale pale, lakini mama zake wadogo wakamkatalia. Watu wametoka mbali, wamekuja na mchele na mafuta ya msiba, lazima kwanza wale. Kwa hiyo nikajikuta uani, napuliza moto wa chakula cha msiba usio na marehemu, machozi yananitoka, na asiyejua akisema ni moshi. Wanawake hawakunisemesha. Walikaa wanachambua mchele na kufanya ile kazi ya kila msiba: kusema nani kaja na nani hajaja. Fulani kaja, tena na mtoto mgongoni. Fulani hajaja, lakini yuko shambani Kidodi. Mmoja akajikinga jua kwa ungo, akasema, "Na turubai liko wapi? Kinyozi leo kapatwa na nini? Si kawaida yake."

Fundi baiskeli alikuwa anapasua kuni karibu. Walikuwa wamemcheka kichwa chake tangu asubuhi na yeye alikuwa amechoka kuchekwa. Akasema, "Mwacheni huyo. Mimi nilikuwa kitini. Kilio kiliposikika nikataka kusimama, akanibonyeza bega. 'Tulia nimalize, yule bibi hajafa.' Nikamwambia mwenzangu una wazimu, nikachomoka."

"Basi kinyozi ni mtabiri," wakasema, wakacheka.

Mimi sikucheka. Mwiko ulinitoka mkononi ukaanguka majivuni. Mwanawe wa kumzaa amelia toka Kilosa mpaka Mikumi. Sisi tulimwona Bibi Mwalimu sokoni jana yake tu, tena akinunua vitunguu, na bado tulikimbia, kwa sababu ukisikia kilio huanzi kukaa na kufikiri, unakwenda, mengine yatajulikana huko huko. Dereva wa lori asiyemjua mtu alikwenda. Marehemu mwenyewe alikwenda! Halafu kinyozi, na turubai lake, aliyewahi kila msiba tangu nimjue, abaki ameshika mashine? Angeweza kubaki kazini mtu mmoja tu, yule aliyejua ile habari ya ugonjwa imetoka wapi. Na friji. Jamani, friji! Mngedhani ningekumbuka friji tangu ilipotajwa. Sikuikumbuka. Nadhani sikutaka.

Niliondoka uani bila kuaga. Njia nzima nilikuwa namwombea awe anaumwa, awe amevunjika mguu, awe na sababu yoyote.

Alikuwa mzima, anafagia nywele sakafuni, hakuna mteja. Nikamuuliza, "Kaka, mbona hukuja?"

"Kazi nyingi."

"Ulijuaje kwamba hajafa?"

Akaacha kufagia. Hakukasirika, hakushangaa, hakuniuliza nazungumza habari gani. Akaja karibu, akasema taratibu, kwa ile sauti yake, "Umemwambia nani?"

Basi. Akanieleza haraka haraka, akiangalia mlango. Friji iko Kilosa, kwenye mgahawa wa dada yake karibu na stesheni. Yule mwana ana uwezo, friji moja haimpunguzii kitu. Alikuwa akisikiliza tu, mwezi baada ya mwezi, akiwa pale pembeni na mpira wake, mpaka imla ya Bibi Mwalimu na neno lake la siri vikamkaa kichwani. Majibu yalipokuja aliyasoma yeye, akayafuta, ili sisi tusiyaone. Alitaka tuanze maisha, mimi na yeye. Ninyamaze kidogo tu, maneno yatapoa.

"Wananipeleka kituoni," nikamwambia.

"Watakuuliza tu. Wewe mtoto wa kike, shangazi yako atakuombea."

"Na kompyuta zake?"

"Zitarudi."

Nilimtazama. Ule mdomo niliouota mwaka mzima ulikuwa unanipangia mimi nikakae mahabusu kwa ajili yake, tena kwa upole. Nilimchukia pale pale, na nilikuwa bado nampenda, yote mawili kwa pamoja, na nisingemtakia mtu hali ile. Nikamuuliza kitu kimoja ambacho mpaka leo sijui kwa nini nilikiuliza. "Ungekuja tu, ukabeba turubai, ukalia na wenzako. Nani angejua?"

Akainama. "Nisingeweza. Kumlilia mtu aliye hai ni uchuro. Angekufa kweli, ningekuwa nimemuua mimi." Aliweza kuiba sauti ya bibi wa watu, akamlaza hospitali, akamtia sukari mwilini, lakini kukaa kwenye msiba wake akiwa hai alishindwa. Na nilimwamini, maana hata mimi nisingeweza.

Nikatoka mlangoni nikapiga yowe.

Mikumi yowe halipigwi bure. Walikuja wote, fundi baiskeli mbele na shoka la kuni, shangazi, mwana, wamama wa nyanya ambao siku hiyo hawakuuza hata fungu moja. Kinyozi hakukimbia. Nadhani alitaka kukimbia akakumbuka anakimbilia wapi, maana kila nyumba ya Mikumi alishawahi kuilalia msiba. Bibi Mwalimu alipofika, kinyozi alipiga magoti mwenyewe, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Naye Bibi akamjibu, "Marahaba," kabla hajajua anamjibu nani, kwa mazoea tu. Kisha kinyozi akasema yote, mbele ya watu, akilia kama mtoto aliyepotea gulioni. Wanawake wawili watatu wakaanza kulia naye. Ndivyo tulivyo.

Kituoni hawakuwa na jina la kosa lake. Polisi alifikiri sana akaandika kujipatia mali kwa udanganyifu, kompyuta hazikutajwa, wala hazikuchukuliwa. Friji ikakutwa Kilosa imejaa soda, na ndugu wa Bibi Mwalimu walipopita kuichukua, kwa hasira yao yote, walizinywa soda zote njiani. Kinyozi alifungwa kwa muda, akatoka, akaenda kuishi mbali. Nasikia huko nako ana turubai.

Ndiyo maana nikisikia watu wanabishana kwa nini huyu kakamatwa na yule hajakamatwa, mimi huuliza kwanza anakaa na nani. Mwizi wa shangazi alikaa na watu tusiowajua na sisi hatukujulikana kwake. Wa Bibi Mwalimu alikaa nasi ukuta kwa ukuta, akala vyakula vyetu, na siku moja tu aliyokosekana, wanawake waliochambua mchele wakaliona pengo lake.

Mimi nikawa shujaa. Shangazi aliniomba radhi kwa namna yake, kwa kuninunulia viatu bila kusema vya nini. Watu walinipongeza barabarani. Jumatatu tukafungua kama kawaida, wateja wakaja, wakanisalimia vizuri, wakakaa. Hakuna aliyeniuliza neno lake la siri. Kila mmoja aliinamia kioo chake, mkono mmoja umekinga vidole, wengine wakijaribu na kukosea na kujaribu tena, na hakuna aliyeinua kichwa kuniita.

Mwisho wa mwezi akaja Bibi Mwalimu. Alikuwa ameniletea mkungu wa ndizi. Akanishika mkono akasema, "Nisamehe, mwanangu, siku ile nilinyamaza." Nikamwambia yamekwisha, Mwalimu, na nilitaka sana yawe yamekwisha. Akavuta kiti, akakaa. Hakuwahi kukaa kabla. Akaniomba nimwonyeshe namna ya kubadili neno la siri. Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akanyoosha kidole kimoja juu ya herufi, kisha akanitazama kwa adabu, kama anamwomba mgeni apishe njia.

"Sasa geuka kidogo."

Nikageukia ukuta. Alikuwa akitafuta herufi moja baada ya nyingine, polepole sana, na mimi nililia kimya nimeuangalia ule ukuta mpaka aliposema, "Haya, tayari."